Lumbesa Yenye Masikio

Neno lenyewe ni lumbesa, na kwenye ghala moja la viazi na vitunguu hata paka alikuwa analijua. Lumbesa ni gunia lililolishwa mpaka likavimbiwa. Gunia la haki ni kilo mia: unalijaza viazi, unalitikisa, unalishona mdomo, kazi imekwisha. La lumbesa hujazwa, hushindiliwa kwa magoti, kisha huongezewa juu kipande cha gunia jingine, nacho kikajazwa pia, mpaka gunia linavaa kilemba na kusimama kifua mbele kama mgeni rasmi. Mkulima huhesabiwa gunia moja. Mchukuzi huhesabiwa gunia moja. Kile kilemba ni zawadi ya mnunuzi, na zawadi yenyewe hakupewa na mtu, alijichukulia.

Nje ya magunia neno hilo lilikuwa na miguu. Mtu akipakuliwa chakula kikapita ukingo wa sahani, alisema, “Jamani, mbona mmenipiga lumbesa?” Mwalimu wa shule ya jirani, mwenye watoto mia na ishirini chumba kimoja, alisema yeye anafundisha lumbesa. Bwana mmoja aliyetaka kuoa mke wa pili, na wa kwanza hajapatana naye tangu mvua za mwaka juzi, aliulizwa na wachukuzi mbele za watu, “Mzee, lumbesa hiyo utaibeba na nani?” Kila mtu alilitumia na kila mtu alicheka. Mahali pamoja tu halikuingia, napo ni daftarini. Karani wa mizani, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko tabia yake, aliandika “gunia 1” kwa kila kilichopita mbele yake, kiwe na kilo mia au mia na sitini. Mizani ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Kuku wa mlinzi walikuwa wanataga chini yake.

Mwanamke wa hadithi hii alikuwa mshonaji pale ghalani. Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, yenye urefu wa shibiri, na kwa kuwa haikumtoka mkononi kwa miaka kumi na tisa, watu walimwita kwa jina la sindano yake mpaka lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya kliniki. Mdogo wake wa kumfuata, tumbo moja ziwa moja, alikuwa mchukuzi palepale, naye wakamwita Winchi. Ungemwona usingeamini. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, shingo ya kuchungulia ukuta. Lakini alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko sikukuu: hajawahi kuangusha gunia. Alikueleza habari hiyo leo, kesho akakueleza tena, na wenzake walimwambia kwa utani kwamba angeangusha moja tu ili wapumzike. Wenzake hao sasa hawapendi kukumbushwa utani ule.

Hapo inabidi nieleze habari ya masikio, maana kesi yote imekaa juu ya masikio. Gunia la haki, ukilishona, unaacha pembe mbili za juu bila viazi, unazifunga kwa uzi, zinasimama. Hayo ndiyo masikio. Mchukuzi huligeuzia mgongo gunia likiwa juu ya safu, usawa wa mabega yake, huyashika masikio kwa mikono miwili, huinama mbele, na gunia linamlalia. Lumbesa haina masikio, maana pembe zake zote zimejaa viazi. Kwa hiyo pale ghalani hakuna aliyepima gunia kwa kulisukuma. Lenye masikio ni la mtu mmoja. Lisilo na masikio ni la watu wawili na mkokoteni. Mchukuzi aliyelisukuma kwanza gunia la masikio, eti analipima, alikuwa amemwita mshonaji mwongo, na ugomvi wa hapo ulikula wiki nzima.

Kisha lumbesa ikapigwa marufuku. Wakaguzi walisimama barabarani wakitafuta vilemba, na lori lililokutwa na vilemba lilirudishwa lilikotoka. Watu wazima mkisikia marufuku mnajua kinachofuata. Msimamizi wa ghala, bwana mpole anayenukia sabuni na kumwita kila mtu “ndugu yangu”, aliwakusanya washonaji akasema, “Ndugu zangu, lumbesa ya kichwa imekufa. Sasa ni ya tumbo.” Wakafundishwa kupasua gunia ubavuni, kuingiza kiraka, na kulinenepesha badala ya kulirefusha. Na juu yake? “Juu yake tieni masikio. Jazeni majani makavu, fungeni, yasimame. Mkaguzi akiona masikio anapunga mkono.”

Washonaji walinung'unika, halafu wakashona. Ndivyo watu walivyo, na Shazia hakuwa malaika. Walijiwekea tahadhari yao wenyewe: kila asubuhi mshonaji aliwaambia wachukuzi kwa mdomo, “Safu ya ukutani ina masikio ya uongo, msiiguse peke yenu.” Karatasi hakuna, alama hakuna. Ilikuwa mdomo tu. Ikaenda hivyo wiki tatu, na hakuna aliyeumia, na jambo lisiloumiza mtu wiki tatu huanza kuonekana la kawaida.

Asubuhi ile Shazia alishona arobaini. Wachukuzi wa viazi aliwaambia wote. Winchi hakumwambia, kwa sababu Winchi alikuwa upande wa vitunguu, na Shazia alijisemea atamwambia saa nne wakikutana kwenye chai. Saa tatu na nusu mchukuzi mmoja wa viazi akaenda kujisaidia, lori likiwa linapiga honi, na Winchi akaitwa azibe pengo. Mchukuzi mzee waliyemwita Kobe alikuwa nyuma yake, akamwona anavyotazama safu ya ukutani. Mshono wa Shazia ulijulikana, ulilalia kushoto kwa kuwa alishona kwa mkono wa kushoto. Winchi akasema, “Hili la dada,” akaligeuzia mgongo, akayashika masikio, akainama kabla Kobe hajawahi kumwonya.

Mzigo ukishaupokea mgongoni huwezi kuurudisha. Nyuma hakuna mikono. Unaweza kwenda mbele tu, na Winchi alikwenda mbele, hatua nne juu ya ubao wa lori. Shazia alikuwa ndani anatunga uzi kwenye sindano. Alisikia ubao, sauti kavu, kisha kitu kizito kikiangukia kitu laini. Sauti ya mtu hakuisikia. Walipomtoa chini ya gunia, shingo ilikuwa imekwisha kazi.

Tangu saa ile Shazia aliingia ganzi. Sisemi alilia kimyakimya au alijikaza. Hakuhisi kitu. Mazishini alishikwa mkono huku na huku, akaketishwa, akasimamishwa, akatazama udongo ukirudi shimoni na akagundua kwamba anahesabu koleo. Watu walimsifu. “Mwanamke amepiga moyo konde,” walisema, “ni mfano wa kuigwa.” Konde gani! Moyo wenyewe alikuwa haujui ulipo. Siku ya nne alirudi kazini, sindano ikamwingia kwenye kidole gumba mpaka upande wa pili, akaitoa, akaifuta kwenye sketi, akaendelea kushona. Mshonaji mwenzake ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yake. Mwanzoni alijishangaa. Baadaye hata kule kujishangaa kukaisha.

Alikuwa amehamia kwa wifi yake, mjane wa Winchi, ili kumsaidia na wasichana wake wawili. Chumba na sebule, pazia katikati, na nje kamba ya nguo waliyochangia na majirani. Wifi alikuwa amefua kata ya bega ya marehemu, lile tambara nene ambalo wachukuzi hujiwekea gunia lisiwachune, akaianika. Ikakauka, akaifua tena. Shazia alimwona akiifua mara ya tatu, akaketi kizingitini akimenya vitunguu ambavyo navyo havikumtoa machozi.

Siku ya nane msimamizi alikuja na sukari kilo mbili na karatasi. Karatasi ilikuwa taarifa ya ajali, iliyopigwa chapa vizuri. Mzigo: gunia 1, kilo 100. Sababu: marehemu alikuwa amelewa. Alhamisi afisa wa kazi angekuja kukaa kikao, familia iweke sahihi, jambo lifungwe. “Tusimsumbue marehemu, ndugu zangu,” alisema msimamizi, akanywa maji, akaaga.

Alipoondoka wifi alibaki ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

“Wifi,” alisema, “mimi asubuhi ile nilimfunga vifungo vya shati. Nilikuwa karibu naye hivi. Hakunuka kitu. Ila kila nikiambiwa alikuwa amelewa, naanza kusikia harufu. Jana nimeisikia kabisa. Nimeshindwa kujua kama naikumbuka au nimetiwa.”

Shazia alifunga mdomo wa mfuko wa sukari.

“Binti yake mkubwa amerudi kutoka shuleni anasema wenzake wanamwimbia baba chakari. Ameniuliza kama ni kweli. Mtoto ananiuliza mimi, wifi, na mimi nimemwambia sijui.” Akaiweka karatasi mezani. “Wewe unayajua magunia. Winchi gunia moja la kilo mia limwangushe, mtu ambaye hajawahi kuangusha? Au kweli alikunywa?”

Sasa hapo ndipo mtu angetegemea ukweli utoke. Mlango ulikuwa wazi, swali lilikuwa wazi, na aliyeuliza alikuwa na haki kuliko wote chini ya jua. Shazia alifungua mdomo, akausikia ulimi wake ukisema, “Sijui, wifi.” Ulikuwa uongo wa mchana kweupe, na wala haukumchoma. Aliinuka akaenda kutoa vyombo uani. Ganzi ina faida zake, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Kesho yake Kobe alimfuata kwenye rundo la magunia matupu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake, na alizungumza akitazama viatu.

“Afisa wa kazi alipita hapa asubuhi, ameshatuhoji,” alisema. “Sote watano. Tumesema gunia ni gunia.”

“Sawa.”

“Si sawa, Shazia. Lakini nikifukuzwa hapa nani atauchukua mgongo huu? Wewe ukitaka kusema, sema. Mimi sitakukataza.”

“Na utasema na mimi?”

Kobe alikuna shingo. “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,” alisema, yaani wa mwenzako daima unauona mwepesi. Hakueleza mzigo wa nani alikusudia, wake au wa Shazia, akaondoka kwa ule mwendo wake.

Msimamizi naye hakuwa amelala. Jumatano alimwita kando ya mizani, sauti ya chini, upole uleule. “Ndugu yangu, nasikia kuna watu wanamtajia afisa neno la mtaani. Mimi sina neno. Mtu akisema lile lilikuwa lumbesa, afisa atauliza nani aliyeishona. Mimi sijawahi kushika sindano, unajua hilo.” Kisha akamuuliza kidole chake kinaendeleaje, na akamwambia akifunge kisije kikatunga usaha.

Basi Shazia alijua hesabu yake ilivyokaa. Akinyamaza, mdogo wake anabaki mlevi kwenye karatasi ya serikali, na mabinti zake wanakua hivyo, wanaolewa hivyo, wanazeeka hivyo. Akisema, wifi yake atajua ni mkono wa nani uliomlaza Winchi pale. Njia ya tatu haikuwepo. Alilitazama jambo hilo kwa utulivu kama anavyotazamwa mtu wa mbali, akaona ni kubwa, akaona linamhusu, na bado halikumgusa. Alilala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa ningependa kuwaambia aligaagaa.

Alhamisi wakakaa kikao katika ofisi ya ghala, chumba chenye kalenda ya miaka miwili iliyopita na feni iliyochoka. Afisa wa kazi alikuwa msichana, mwenye miwani na begi zito, na alikuwa na tabia moja isiyowapendeza wakubwa: alisoma karatasi mpaka mwisho. Msimamizi aliketi kulia kwake. Karani wa mizani alikuwepo na daftari lake. Wifi na Shazia waliketi benchi moja, bega kwa bega, na wifi alikuwa ameushika mkono wa Shazia, ule wenye kidole kilichofungwa. Kobe na wachukuzi wengine walisimama mlangoni, maana viti havikutosha na hakuna aliyewaambia waingie.

Afisa alisoma taarifa yote kwa sauti. Aliposoma “amelewa”, wifi alitazama sakafu.

“Kuna jambo moja kabla ya sahihi,” alisema afisa. “Tangu nije hapa nimesikia neno kila kona. Nimelisikia getini, nimelisikia kwa mama wa chai, nimesikia hata watoto wakitaniana. Kwenye daftari silioni. Mama, nimeambiwa wewe ndiye fundi wa siku nyingi. Lumbesa ni nini?”

“Ni gunia lililozidi,” alisema Shazia.

“Limezidi nini?”

Shazia alifikiri. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza. “Limezidi mtu,” alisema.

“Kwa kilo?”

“Kilo hatupimi. La hapa linafika mia na hamsini, mia na sitini. Wawili ndio hulibeba.”

Karani alikohoa. Msimamizi aliinua kiganja kama mtu anayeomba radhi kwa kuingilia. “Hilo ni neno la mitaani, afisa. Na hata kama ni hivyo, gunia la marehemu lilikuwa na masikio mawili. Wachukuzi watano wamekwambia. Lenye masikio si lumbesa, hilo ghalani kwetu linajulikana. Muulize mwenyewe, ni dada wa marehemu, hawezi kunipendelea mimi.”

“Ni kweli, mama?”

“Ni kweli,” alisema Shazia. “Lenye masikio si lumbesa.”

Na hakuwa amesema uongo. Angeweza kuishia hapo. Afisa aliandika mstari mmoja, akaonekana ameshindwa kitu ambacho hakujua jina lake, akaigeuza karatasi upande wa familia. Wifi alimwachia Shazia mkono ili ashike kalamu.

“Hapa?” aliuliza.

“Hapo chini, mama. Pole sana.”

Wifi hakuwa mtu wa kuandika sana. Aliinama, akaanza kuliandika jina lake taratibu, herufi moja, akapumzika, herufi ya pili, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, chini kabisa ya neno “amelewa”. Alikuwa anajitahidi liwe zuri. Shazia aliutazama ule ulimi.

“Wifi, ngoja,” alisema.

Kalamu ikasimama.

“Masikio yale yalikuwa ya majani.” Alimwambia afisa, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi. “Gunia limepasuliwa ubavuni, limetiwa kiraka, limejazwa mpaka pembeni. Pembe hazikubaki. Juu tukashona masikio mengine, tukayajaza majani makavu, ili wakaguzi wa barabarani waone ni gunia la haki. Mchukuzi akiona masikio anajua ni la mtu mmoja. Kwa hiyo alibeba peke yake. Ilikuwa lumbesa.”

“Tukashona,” alisema afisa. “Nani alishona hilo lenyewe?”

“Mimi.”

Feni ilizunguka. Msimamizi alisema kwa upole, “Basi mmesikia wenyewe. Mimi sikushika sindano.”

“Hukushika,” alisema Shazia. “Ulisema tieni masikio, tukatia. Wote tulikuwa tumesimama pale kwenye mizani. Ulisema mkaguzi akiona masikio anapunga mkono.”

“Ndugu yangu, huzuni inakuchanganya.”

“Hajachanganyikiwa.” Sauti ilitoka mlangoni. Kobe alikuwa bado anatazama viatu vyake. “Mimi nilikwambia gunia ni gunia, binti yangu. Nifutie hayo. Andika lumbesa. Na kilevi hakuwa nacho, nilikuwa nyuma yake, angenuka ningejua.” Mchukuzi mwingine akasema ni kweli. Wa tatu hakusema, lakini hakuondoka.

Afisa alichora mstari juu ya “amelewa”, kisha mwingine, akaandika kwa muda mrefu. Karani wa mizani aliombwa daftari, na alilitoa kama mtu anayetoa jino. Shazia aliona hayo yote kwa mbali. Pembeni yake benchi lilikuwa limekuwa baridi, maana wifi alikuwa amejisogeza. Si sana. Ungeweza kupitisha sahani katikati yao.

“Aliyaangalia masikio?” aliuliza wifi. Hakumtazama.

“Aliangalia mshono. Kobe alimsikia. Alisema, hili la dada.”

“Na wewe hukumwambia.”

“Nilisema nitamwambia kwenye chai.”

“Kwenye chai,” alisema wifi.

Walimsomea taarifa mpya. Ilikuwa na lile neno mara tatu, limeandikwa kwa kalamu ya serikali, na chini yake maelezo: gunia lililozidi uwezo wa mtu. Wifi alisikiliza hadi mwisho, akaomba kalamu, akamalizia jina lake kwenye karatasi ile safi, herufi zote, bila kupumzika. Shazia naye akatia sahihi mahali palipoandikwa shahidi. Afisa alimwambia kwamba kutakuwa na hatua nyingine, kwa msimamizi na huenda kwake pia, na kama ana la kusema. Alisema hana.

Walitoka. Uwanjani jua lilikuwa kali, na lori lilikuwa linasubiri shehena kana kwamba hakuna jambo. Washonaji wenzake walimwona, wakainamia magunia yao. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemwita. Wifi alitangulia, kanga ameikaza kiunoni, hatua za haraka, na Shazia akamfuata kwa umbali mdogo, kwa kuwa nguo zake zilikuwa kule na hakujua mtu hufuata nani katika hali ile. Walikwenda hivyo hadi kwenye duka la kona. Hapo wifi akasimama.

“Wanangu nitawaambia baba yao hakuwa mlevi,” alisema, akiwa bado amempa mgongo. “Leo hii nawaambia, kabla hawajala.”

“Ndiyo.”

“Watauliza basi ni nini kilichomuua.”

“Waambie nilishona mimi.”

Wifi aligeuka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa siku kumi na moja za kulia, na alimtazama Shazia kama anavyotazamwa mtu anayefanana na mtu unayemjua. Shazia alingoja kofi. Angelipokea, hata alilitaka, alikuwa na hamu ya kujua kama angelisikia.

“Leo njoo uchukue nguo zako,” alisema wifi. “Kesho usije.”

“Sawa. Na keshokutwa?”

Mwenye duka alikuwa anawatazama kupitia nondo za dirisha. Wifi alifuta pua kwa ncha ya kanga.

“Keshokutwa sijui,” alisema. “Sijui, wifi.”

Akaendelea na njia yake. Shazia alibaki pale. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa laana, kwa mlango kufungwa usoni, na mtu aliyejiandaa hivyo hakujiandaa kuitwa wifi. Akakaa kwenye kreti la soda lililokuwa mbele ya duka, na kidole kikaanza kumuuma, kikamuuma mpaka kwenye kiwiko, kikamuuma mpaka begani, na alipoinama kukishika akasikia mtu analia kwa sauti kubwa karibu naye. Mwenye duka alitoka na kikombe cha maji. “Mama, umefiwa?” aliuliza. Shazia alisema ndiyo, amefiwa na mdogo wake, na ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wake.